Msichana Aliyeharibu Ndoano

Jumamosi saa nne asubuhi, foleni ya wateja ikiwa imefika mlangoni, Mama Bucha alivua aproni, akanawa mikono hadi viwikoni kwa sabuni ya unga, akamkabidhi mdogo wake wa kiume shoka na gogo la kukatia.

"Unakwenda wapi leo, dada? Leo Jumamosi!"

"Nakwenda sinema."

Mdogo wake alicheka, maana alidhani ni utani. Mama Bucha alikuwa ameuza nyama katika duka lile kwa miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumwona akiliacha Jumamosi hata kwa homa. Lakini hakuwa anatania. Mkononi alishika kipande cha gazeti alichokikata juzi kwa kisu cha mifupa, na kipande hicho kilikuwa kimemnyima usingizi siku mbili.

Gazeti lilisema hivi: Mzee Kiwewe, mwongozaji wa filamu za kutisha, alifariki mwaka mmoja uliopita. Ameacha filamu kumi na moja, kila moja nakala moja tu, zote zimerundikwa kwenye stoo ya jumba lake la sinema, zinaoza na kunuka siki. Mpwa wake, aliyerithi jumba, ameliuza. Hifadhi ya filamu ya taifa imekubali kupokea sita, kwa sababu chumba chake cha baridi hakina nafasi zaidi. Tano zitakwenda jalalani. Basi wapenzi wa filamu za marehemu wanaalikwa Jumamosi kuja kuzipanga, ya kwanza hadi ya kumi na moja. Chini kabisa mwandishi alikuwa ameongeza kwa furaha yake mwenyewe kwamba nafasi ya mwisho haina ubishi, ni ya *Ndoano*, "iliyoharibiwa na msichana mlevi."

Sasa huyo msichana mlevi ndiye Mama Bucha. Na Mama Bucha hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe.

Bintiye alikuwa anamsubiri kona ya barabara, bado amevaa sare ya unesi kutoka zamu ya usiku, macho mekundu.

"Mjomba amenipigia simu. Mama, tafadhali, turudi."

"Nani amekuita?"

"Wale watu hawakujui kwa sura. Miaka thelathini na minane imepita! Ukikaa kimya filamu itatupwa, na mambo yatakwisha."

"Filamu itakwisha," alisema Mama Bucha bila kupunguza mwendo. "Maneno hayatakwisha. Filamu ikishatupwa, nitathibitisha kwa kitu gani? Yatabaki ya gazeti."

Binti alimfuata. Shuleni alikuwa ameitwa mtoto wa mlevi tangu darasa la tatu hadi alipomaliza. Alipigana, akachapwa kwa kupigana, na mwishowe akajifunza njia ya mkato, yaani kusema kwamba yule wa kwenye filamu ni mtu mwingine kabisa, hata hamjui. Filamu yenyewe hakuwahi kuiona. Mama yake alijua kwamba anakanwa, na jambo hilo lilimuuma, ingawa hakuwahi kulisema. Walitembea pamoja, binti hatua moja nyuma, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa asiyesikia la daktari.

Jumba la sinema lilikuwa na viti mia tatu na watu kama thelathini. Mbele ya pazia jeupe walikuwa wameweka ubao wa shule, majina ya filamu kumi na moja yameandikwa kwa chaki. Kando ya ubao alisimama Mpwa, kijana wa miaka arobaini mwenye shati lililopigwa pasi vizuri mno, akiwa na karatasi za hifadhi za kujaza. Makopo ya filamu yalikuwa yamepangwa sakafuni. Juu kabisa, kwenye kidirisha cha chumba cha mashine, alionekana Fundi, mzee mwembamba aliyeonyesha filamu za Kiwewe tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

Mama Bucha alikaa safu ya nyuma kabisa. Binti akakaa pembeni yake na kujifanya anasoma simu.

Ubishi ulikuwa umeshapamba moto. Kinyozi mmoja mnene, mwenye sauti ya kuuzia samaki, alikuwa amesimama juu ya kiti akiitetea *Shimo la Saba*.

"Ile ndiyo baba lao! Pale mkono unapotoka shimoni, mimi niliruka nikamkalia mke wangu! Mnasema Kiwewe hakuwa na akili? Nani mwingine aliweza kututisha hivyo kwa kamera moja na taa mbili?"

"Kukutisha wewe si kazi," alisema Mhadhiri wa chuo, mama mwenye miwani mikubwa na daftari. "Ya kwanza lazima iwe *Sabuni Nyekundu*. Humo ana hoja. Anatuonyesha jamii inavyojiosha dhambi kwa damu ya wanyonge."

"Jamii gani, mwalimu? Ile ni filamu ya dada anayechinjwa bafuni!"

Watu walicheka. Mtu mmoja mbele alisema zote kumi na moja zizikwe pamoja na marehemu, kwa sababu hazina kitu isipokuwa wanawake waliochanika nguo wakikimbia. Akazomewa. Kinyozi akamwambia kama hapendi supu asimtukane mpishi. Mhadhiri akasema kweli wanawake wanadhalilishwa, lakini ni lazima tutenganishe mtu na kazi yake. Mama Bucha alikunja uso. Yeye kazi yake ni kutenganisha, nyama na mfupa, mafuta na ngozi, na anajua kuna mahali kisu hakipiti.

Kwa saa nzima walibishana. *Shimo* ikapanda kwanza, *Sabuni* ikawa ya pili, Mhadhiri akanuna. Ya tatu, ya nne na ya tano zikapita. Kwenye ya sita ndipo kazi ilipoanza, kwa kuwa hapo ndipo mlango wa hifadhi unapofungwa. Wengine walitaka *Mgeni wa Alhamisi*, wengine *Meno ya Bibi Harusi*. Mpwa akatazama saa.

"Tuanze kwa kuondoa zile nyepesi. *Ndoano* ni ya kumi na moja, tumekubaliana?"

Mikono yote ikanyanyuka. Kinyozi alinyanyua miwili.

"Mimi sikukubali," ilisema sauti kutoka nyuma.

Binti alifumba macho. Mama Bucha alikuwa ameshasimama.

"Samahani, mama," alisema Mpwa kwa adabu ya mtu mwenye haraka. "Wewe umeziona hizi filamu?"

"Zote kumi na moja. Nilikuwa nakaa hapa hapa nyuma, nimejifunika mtandio hadi machoni. Na kinyozi yuko sahihi, *Shimo* ndiyo bora. Ila asiisifu kwa mkono, mkono ule ni wa mpira na unaonekana. Aisifu kwa ule ukimya kabla ya mkono. Mwalimu naye asituambie damu ya *Sabuni* ni ya wanyonge. Ile ni ya mbuzi. Ya ng'ombe ingekuwa nzito zaidi, na asingeweza kuimwaga vile bila kuganda."

Jumba zima liligeuka kumtazama.

"Unajuaje?" aliuliza Mhadhiri, kalamu tayari.

"Nilimfundisha mimi. Unakoroga ikiwa bado ya moto na unatia chumvi. Nilikuwa naosha matumbo machinjioni, nina miaka kumi na tisa, na Kiwewe alikuwa anakuja na ndoo zake kila alfajiri. Siku moja alisema amekosa msichana wa kufa kwenye filamu mpya, akaniuliza kama ninaweza kupiga kelele. Nikamwambia machinjioni kila mtu anaweza."

Kinyozi alishuka juu ya kiti taratibu. "Ina maana wewe ndiye..."

"Mimi ndiye mlevi wenu."

Nyuso zile zilizomgeukia zilimpa nguvu. Miaka yote alikuwa ameyapanga maneno haya huku akikata nyama, leo akaona hayahitaji kupangwa.

"Mliona filamu, basi mnaujua mwisho. Muuaji ananikuta kwenye chumba cha ndoano, ananyanyua kisu, na mimi napaswa kulia, kuomba, kisha kufa. Badala yake nacheka. Namnyang'anya kisu, naondoka. Filamu inaishia hapo. Siku ya kwanza watu walizomea hadi wakarusha chupa, na Kiwewe akawaambia wenye magazeti kwamba nilikuja nimelewa. Watu wakasema lisemwalo lipo. Nani aliniuliza mimi? Hakuna. Kwa hiyo leo mtanisikiliza mpaka nimalize."

"Kile kisu tulichofanyia mazoezi," aliendelea, "kilikuwa cha mbao, kimepakwa rangi ya fedha. Siku ya mwisho, filamu imebaki ya dakika nne tu ndani ya kamera, muuaji ananyanyua mkono, nami naona mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Nani alifunga ule mpira? Mimi! Kilikuwa kisu changu cha kuchuna ngozi. Nilikuwa nimekinoa asubuhi ile ile hadi kinanyoa nywele. Nilikuja kujua baadaye kwamba Kiwewe alikichukua kwenye ndoo yangu, akampa yule mtu, akamwambia akinikwaruza shingoni kidogo si neno, damu yangu itang'aa kuliko ya mbuzi."

Mtu mmoja akasema, "Lo!"

"Na yule muuaji, maskini, alikuwa fundi mwashi. Hajawahi kushika kisu cha kuchuna. Alikishika kinyume. Makali yamemwelekea yeye! Angeshusha mkono kwa nguvu, angejifungua tumbo mwenyewe. Niliogopa, sikatai. Lakini mtoto wa machinjioni akiona mtu mzima amekishika kisu hivyo, hawezi kujizuia. Nilicheka. Kisha nikamshika kifundo cha mkono, nikakichukua kisu changu, nikamwonyesha kinavyoshikwa, nikaenda zangu nyumbani. Kiwewe hakuwa na mkanda mwingine wa filamu wa kupigia tena. Ilibidi aniache hai."

Alikaa.

Halafu Kinyozi, ambaye kama debe tupu hakuweza kukaa bila kuvuma, akapiga paja.

"Kisu cha kweli! Jamani! Kumbe ni kisu cha kweli! Basi hii haiwezi kuwa ya kumi na moja!"

"Inabadilisha kila kitu," alisema Mhadhiri akiandika mbio mbio. "Hofu halisi mbele ya kamera. Hakuna mwongozaji hapa kwetu aliyethubutu hivyo."

"Tuipandishe!"

"Ya kwanza! *Shimo* ishuke!"

Mpwa alikuwa tayari ameshika kifutio. Uso wake uling'aa. "Hifadhi wataifurahia hii. Na wakiionyesha, tangazo litakuwa hilo tu, kisu halisi, msichana halisi. Marehemu mjomba alikuwa na kipaji, hamkuniamini."

Mama Bucha aliwasikiliza, na hasira iliyompanda safari hii ilikuwa mpya kabisa, haikuwa ile ya miaka thelathini na minane. Alitoka kwenye kiti chake, akashuka ngazi zote za katikati mpaka mbele, akamnyang'anya Mpwa kifutio.

"Mkuki kwa nguruwe, eh? Wewe mwenye shati safi. Angekuwa mama yako chini ya kile kisu, ungemwita mjomba wako mwenye kipaji?"

"Sikuwa na nia mbaya, mama..."

"Dakika tano zilizopita mlitaka kunitupa jalalani kwa sababu sikufa vizuri. Sasa mnanipandisha juu kwa sababu ningeweza kufa kweli. Ni kiu ile ile! Mimi siogopi damu, bwana. Damu ndiyo imenilishia mtoto. Wala sikuja kuwaambia mchome filamu za watu, nyingine nazipenda kuwashinda nyie. Lakini niliwaeleza nilivyotoka kwenye kile chumba kwa miguu yangu, na mlichosikia ni kisu tu."

Alinyanyua uso kwenye kidirisha cha juu.

"Fundi! Kopo la mwisho la *Ndoano* bado linapita kwenye mashine?"

Mzee alitoa kichwa kidirishani. "Linapita. Liko hapa juu nami, mimi hulisafisha kila mwaka."

"Kwa nini?"

"Nilikuwepo siku ile. Nilibeba taa." Alikohoa. "Niliona alivyokichukua kile kisu kwenye ndoo, nikanyamaza. Nilikuwa na watoto wadogo, naye ndiye aliyenipa kazi. Sina la kujitetea, dada."

"Hatujamaliza mimi na wewe," alisema Mama Bucha. "Lionyeshe."

Taa zikazimwa. Mashine ikaanza kunguruma, na mwanga ukapita juu ya vichwa vyao hadi kwenye pazia. Picha ilikuwa na mikwaruzo na sauti inakatika katika. Ndoano zinaning'inia. Chini yake amesimama msichana mwembamba mwenye gauni lililochanwa begani kwa makusudi, nywele zimemsimama, mdomo wazi. Kivuli kikubwa kinamwendea. Mkono unanyanyuka na kisu kinang'aa. Isipokuwa binti, kila aliyekuwa mle alikuwa ameiona sehemu hii mara nyingi, na wengi walikuwa wakitoka kuwahi mlango.

Leo hawakutoka. Waliuona uso wa msichana ukitoka kwenye kisu kwenda kwenye mpini, ukasimama hapo. Waliona jicho lilivyotambua. Hofu ilikuwepo, haikufichika, kisha juu ya hofu ile kikaja kicheko. Hakikuwa cha mlevi hata kidogo. Ni kicheko cha msichana anayeijua kazi yake, aliyekutana na mtu asiyeijua. Akamshika pandikizi lile la mtu kifundo, akakipokea kisu kwa upole kama unavyompokonya mtoto mkasi, akakigeuza, akamwonyesha. Mwashi wa watu anaonekana akitikisa kichwa, ameelewa, hata anataka kushukuru. Kisha msichana anaitazama kamera moja kwa moja, anamtazama aliye nyuma yake, na kisu kikiwa mkononi anatoka nje ya picha. Ndoano zinabaki zikicheza peke yake mpaka filamu inaisha.

Watu walikuwa wanacheka, wengine wanapiga makofi. Taa zilipowaka Kinyozi alikuwa anajifuta macho.

"Mama, nimeiona mara ishirini," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo. "Nilikuwa nakuzomea. Leo ndiyo nimekuangalia."

"Na sasa unasemaje?"

"Kama filamu ya kutisha bado ni mbovu. Nisikudanganye."

"Mbovu sana," alikubali Mama Bucha. "Nusu ya kwanza ni mtu anatafuta ufunguo."

"Lakini kumi na moja zote," alisema Mhadhiri polepole, akipitia daftari lake, "wanawake wanaoingia mle... hakuna mwingine anayetoka hai. Nimehesabu. Hakuna hata mmoja."

"Umechelewa kuhesabu, mwalimu, ila umehesabu."

Mpwa alisogea, mkono mtupu, kwa kuwa kifutio bado kilikuwa kwa Mama Bucha. "Basi tuiandike ya kwanza? Kwa sababu hiyo uliyosema?"

Mama Bucha aliutazama ubao. Angeweza. Wote walikuwa wanamngoja, na angesema ndiyo wangeiandika.

"Kwenye filamu za mjomba wako anayetangulia ndiye anayekufa," alisema. "Niandike ya sita. Mlango ukishafungwa niwe ndani, basi. *Shimo* ibaki ya kwanza, imestahili, ingawa aliyeitengeneza alikuwa shetani."

Alifuta mwenyewe *Ndoano* kutoka chini, akaiandika mstari wa sita kwa mwandiko wa bei za nyama, mkubwa na wa kukandamiza. *Meno ya Bibi Harusi* na *Mgeni wa Alhamisi* zikashuka. Waliozipenda walinung'unika kidogo, lakini hakuna aliyenyanyua mkono kupinga.

Mpwa akachukua karatasi za hifadhi na kuanza kujaza. Alipofika ya sita alisita. Karatasi ilikuwa imeshachapwa majina ya filamu zote na maelezo mafupi, na kwenye *Ndoano* palisomeka: *Mwisho umeharibika. Mwigizaji wa kike, jina halijulikani, alikuwa amelewa.*

"Futa hiyo," ilisema sauti.

Mama Bucha aligeuka. Bintiye alikuwa ameshuka kutoka safu ya nyuma, amesimama kwenye ngazi katika sare yake iliyokunjamana, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Futa yote. Andika kwamba alikuwa anafanya kazi machinjioni. Andika alikataa. Na jina linajulikana."

"Linajulikana na nani?" aliuliza Mpwa.

"Ni mama yangu," alisema, kwa sauti ya kumfikia hata Fundi kule juu. Kisha akalitaja jina la mama yake lote, lake, la baba yake na la babu yake.

Mpwa akaandika haraka haraka, herufi zimebanana pembeni ya karatasi. Binti alimwinamia begani, akasoma, akamwambia achukue karatasi nyingine aandike upya, vizuri, kwa herufi kubwa.